Kidumu Chini ya Meza Yangu

Nasema nilionewa! Watumishi walikuwa wanapunguzwa kazi, na hedhi yangu nayo ikakoma. Baridi yote ya Sumbawanga, mimi natokwa jasho kama niko kwenye joto la ziwani Kirando. Nesi akanikataza chai na sukari, akaniambia ninywe uji wa ulezi na soya. Jirani yangu Mfipa akanishauri nitie kimea, ule unga wa ulezi uliooteshwa, uwe mtamu.

Jumatatu ofisi nzima inanuka pombe. Mimi, mlokole wa Mbeya, nikafoka: "Bosi, mtafute huyo mlevi umfukuze leo hii!"

Kizibo cha kidumu changu cha uji kikaruka chini ya meza yangu. Uji niliousahau humo tangu Ijumaa, umechachushwa na kimea, ukamlowesha bosi suruali.

"Mama Neema, kumbe mlevi ni wewe?"

"Ni dawa, bosi! Hedhi imekoma!"

Wanaume wote wakainamia mafaili.