Siku Niliyovuka Sebeya Jukwaani

Jamani, habari hii nimeikalia miaka mingi, na kama si watu wa Gisenyi kuniona njiani na kuniuliza, "Fundi, mto Sebeya umeshuka?" nisingeisimulia kabisa, maana mtu mzima kuonekana na ukumbi mzima mguu mmoja uko juu ya jukwaa, mwingine umezama ndani ya kreti la bia, suruali imechanika kuanzia gotini kwenda mahali nisipotaka kupataja, si jambo la kujisifia. Lakini wacha niseme mwenyewe, mcheke wote kwa mara moja tumalizane.

Mimi ni fundi wa redio, naitwa Deo. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wa Kinyarwanda waliokimbilia huko zamani, na tuliporudi nchini nikafungua kibanda changu karibu na soko la Gisenyi, nikawa natengeneza redio za wenyeji na za watu wa Goma waliokuwa wakivuka mpaka asubuhi na kurudi kwao jioni. Wateja nilipata, ila jina langu mjini lilikuwa "mutu ya TZ". Kinyarwanda changu kilikuwa na lafudhi ya Karagwe, na nikifungua mdomo tu mtu anatabasamu kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa unaniuma kuliko tusi.

Sasa mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vya upande wetu vilipoanza kutulia na barabara ya Kanama ikawa inapitika tena, palikuwa na mama mmoja mwalimu wa Kifaransa, Madamu Beata, mwembamba, mkali, mwenye ndugu nusu Gisenyi na nusu Goma, akasema watu wamechoka kusikia habari za vifo, donc, kwa hiyo, kila Jumamosi alasiri ya umuhindo (ndio msimu wa mvua kuanzia Septemba hivi) watakutana kwenye ukumbi mmoja mjini wasomeane mashairi, waimbe, wacheze michezo ya kuigiza, na wamalize kabla giza halijaingia ili kila mtu afike kwake salama. Watu walidhani amechanganyikiwa. Kumbe! Jumamosi ya kwanza walikuja thelathini, ya tatu watu wakakaa madirishani. Niliona pale askari mmoja mkubwa mwenye mikono kama sepetu anasoma shairi alilomwandikia mama yake, nikaona wauza nyanya wawili wa Goma wanaimba wimbo waliotunga wenyewe kuhusu foleni ya mpakani hadi afisa wa forodha aliyekaa mbele akafuta machozi ya kicheko. Nawaambia kweli, niliwapenda watu wale. Kazi yangu ilikuwa kuleta mikro (kipaza sauti), spika mbili na betri ya gari, na nilikuwa nakaa pembeni na nyaya zangu, mdomo wazi, nikijiuliza watu wanatoa wapi ujasiri wa kusimama na kusema ya moyoni.

Hapo ndipo shetani alipoanza kuninong'oneza kwamba hata mimi naweza.

Jumamosi yenyewe mvua ilinyesha tangu saa sita, ile mvua ya Oktoba inayoshuka kutoka milimani bila kupumzika. Watu wengi walikuwa wamejibanza barazani nje wakisubiri magari ya Kanama na Rubona, na mimi kwa uamuzi mdogo tu (angalieni vizuri, uamuzi mdogo tu) nikageuza spika moja ikatazama nje, ili na wao wasikie. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Mgeni aliyengojwa siku hiyo alikuwa mzee mmoja wa Cyanzarwe, bingwa wa icyivugo, yale majigambo ambayo mwanamume wa Kinyarwanda anajitungia, anajitaja jina na matendo yake huku anarukaruka na mkuki mkononi. Kila mtu na yake. Huwezi kusema ya mwenzako ukayaita yako, ni sawasawa na kuvaa jina la mtu. Lakini mzee alikwama njiani kwa matope, ukumbi umejaa, watu wameanza kukohoa, na Madamu Beata akaja kwangu anapumua kwa hasira.

"Deo, weka muziki kidogo."

"Madamu, kwa nini muziki? Nipe mimi hizo dakika kumi. Mimi nina majigambo yangu."

Alinitazama toka viatuni mpaka kichwani. "We? Mutu ya TZ?"

Basi, amekwisha kunimaliza. Nikamwambia ndiyo, mimi, tena ya kwetu ya ukoo (uongo huo!), nikachukua mkuki uliokuwa umetundikwa ukutani kama pambo, nikapanda jukwaani. Jukwaa lenyewe lilikuwa makreti ya bia yaliyopangwa na kufunikwa mikeka, kwa sababu ukumbi ule haukuwa na jukwaa.

Sasa niwaambie majigambo yale niliyapata wapi. Kule Karagwe kijijini kwetu alikuwepo mzee mmoja mkimbizi, anaishi peke yake, anajiita Rudatinya. Kila jioni alisimama mlangoni kwake na fimbo, akajigamba kwa sauti jinsi alivyovuka mto Sebeya umefurika, ndama yuko mabegani. Na mwishoni alikuwa na kituko chake, maana majigambo huwa hayana maswali lakini yake yalimalizika na swali: "Nilipofika ng'ambo nikamkuta nani?" Halafu ananyamaza. Anatutazama sisi watoto, anangoja, anangoja, kisha anaingia ndani. Sisi tulidhani amesahau mwisho kwa uzee, na tulikuwa tunacheka hadi tunaanguka chini, tukarudi nyumbani tukimwigiza, fimbo mkononi, mgongo umepinda. Ndivyo nilivyoyajua neno kwa neno. Kwa kumcheka.

Nikaanza. Nilisema kwa Kinyarwanda, ninyi nawatafsiria tu. "Ndimi Deo nisiyetishika! Ndimi niliyevuka Sebeya imefurika, ndama yuko mabegani!" (Jina la mzee nililitoa nikaweka langu, Sebeya nikaiacha, mto wa hapahapa Gisenyi, na mimi wa Karagwe, akili gani hiyo sijui.) Ukumbi ukalipuka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Ulivuka mwaka gani, fundi? Ndama au redio?" Nikadhani wananishangilia, nikaongeza sauti, nikatingisha mkuki, spika ya nje inanguruma mpaka sokoni. Nilipofika kwenye lile swali nikaona mimi siwezi kunyamaza kama yule mzee, lazima nimalizie kishujaa, basi nikatunga palepale: "Nilipofika ng'ambo nikamkuta adui, nikamchoma!" nikaruka juu na mkuki wangu.

Kupanda nilipanda. Kushuka ndipo mkeka ulipoteleza, makreti mawili yakaachana, mguu wa kulia ukazama hadi pajani, na suruali ikatoa mlio ambao mikro, kwa kuwa nimeitengeneza vizuri mno, iliupeleka hadi barabarani. Ayiii! Watu walicheka hadi viti vinaanguka. Madamu Beata alijifunika uso kwa daftari. Nikavuta mguu, mguu hautoki, nikavuta tena, chupa zinagongana ndani, kicheko kinazidi.

Ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia, toka kule nje kwenye spika, mama mmoja wa miaka hamsini hivi, amelowa chapachapa, gunia la viazi kichwani. Hakucheka. Alilitua gunia palepale mlangoni, akapita katikati ya watu akiacha maji sakafuni, akaja hadi mbele yangu.

"Haiko adui," akasema. "Hapana. Haiko adui pale."

Waliokuwa wakicheka wakageuka kumtazama.

"Mama, nini?" nikauliza, bado nimeshika mkuki kama mjinga.

"Baba yangu alikuwa anauliza, 'Nikamkuta nani?' Na mi najibu. Mi, mutoto yake. Mi nasema, 'Ulinikuta mi, nimewasha moto!' Ni mi na yeye tulitunga, niko na miaka nane. Hii maneno ni ya baba yangu Rudatinya. We ulipata wapi?"

Sikiliza, nilitamani kreti lile linimeze lote. Mguu ungekuwa huru ningetoka dirishani nikimbie mpaka ziwani, lakini sikuwa na pa kwenda. Nikamwambia kweli, mbele ya watu wote, na mikro iko wazi: kwamba si ya kwangu, si ya ukoo wangu, nilimsikia mzee Karagwe.

"Iko muzima?"

"Hapana, mama. Alifariki nina miaka kumi na mitano. Tulimzika wenyewe, kijiji kizima."

Alifumba macho kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ambayo mikro ilimpelekea kila mtu: "Alioa huko? Kanama watu walisema ameoa mwanamuke ya Tanganyika, ametusahau. Mama yangu walimucheka mpaka akaacha kwenda sokoni."

"Hakuoa, mama. Aliishi peke yake. Kila jioni alisimama mlangoni akasema maneno haya, akifika kwenye swali ananyamaza, anangoja."

Sijawahi kuona mtu kama yule mama. Wengine tungelia, tungeanguka. Yeye alijifuta uso kwa kitenge, akapanda juu ya makreti yangu yaliyobaki mazima, akaniambia, "Bon. Anza tena. Sema jina yake." Nami nikiwa vilevile, mguu shimoni, matako nusu nje, nikasema toka mwanzo, ndimi Rudatinya, taratibu, bila mbwembwe, na nilipofika kwenye swali nikanyamaza. Mama Veneranda (jina lake nililijua baadaye) akajibu kwa sauti ya mtoto wa miaka nane, hivyo hivyo, nyembamba, ya furaha: "Ulinikuta mi, nimewasha moto!" Yule askari wa shairi la mama ndiye aliyesimama wa kwanza. Halafu ukumbi wote ukasimama, na Madamu Beata, mkali yule, alikuwa analia waziwazi. Nimesikia washairi wengi toka siku hiyo na hakuna aliyenitetemesha namna ile.

Mambo yangu hayakuishia hapo. Walipokwisha kunitoa kwa kuvunja kreti (na kunifunga kitenge cha mtu kiunoni), Mama Veneranda aliniambia kesho nitapanda Kanama nimweleze mama yake, maana bado yuko hai, na maneno kama haya hayapelekwi na mtu ambaye hakuwepo. Ningekataa vipi?

Nikaenda Jumapili, suruali nyingine. Bibi mwenyewe alikuwa na miaka kama themanini, amekaa mlangoni anatenganisha maharage mazuri na mabovu. Nikamweleza yote, nikasema majigambo nikiwa nimekaa chini, na binti akajibu. Vidole vya bibi viliacha maharage. Kisha akaniuliza kwa Kinyarwanda, kwa upole kabisa:

"Na nyinyi watoto, alipokuwa akinyamaza anangoja, mlikuwa mnamjibu nini?"

Ningeweza kusema uongo. Mungu anajua nilikuwa nao mdomoni.

"Tulikuwa tunacheka, bibi."

Alitikisa kichwa polepole, akarudia maharage yake. "Angalau hakuwa anangoja peke yake," akasema.

Nililia njia nzima kushuka mjini, mtu mzima mimi, na sioni haya kusema hilo. Toka siku hiyo sijapanda jukwaani tena, na sipandi. Naleta mikro yangu na spika zangu, nakaa pembeni, wenye maneno yao waseme maneno yao. Wanaonitania kuhusu Sebeya nawaacha wanitanie, ni haki yao. Lakini nikimkuta mzee anajisemea mlangoni pake na watoto wamemzunguka wanacheka, nawanyamazisha watoto, navuta jiwe nakaa, namuuliza: "Halafu, mzee, ulimkuta nani?"