Mita Mia Mbili za Mwanzo

Nikimwambia mtu kwamba nilikuwa mwanariadha, swali la kwanza huwa ni hilo hilo: "Marathoni?" Nikisema hapana, mita mia mbili, uso unampoa, ananiuliza habari za mvua. Nimekimbia mbio fupi miaka kumi na minne. Nimevaa bendera ya nchi kifuani. Nimekimbia kwenye viwanja vya ng'ambo vyenye taa zinazowashwa mchana kweupe, na mara nyingi nilitolewa kwenye mchujo wa kwanza. Mara chache nilipita, na hizo chache hakuna wa kuninyang'anya. Medali ya dunia sina. Kasi nilikuwa nayo, na nilijua kwamba ninayo tangu zamani, kabla ya kocha yeyote kunishikia saa.

Kosa langu lilikuwa kuzaliwa Chome, kijiji cha Wapare juu milimani. Nchi hii ikisikia mtu ametoka milimani, inaamini ana pumzi za kufika Nairobi kwa miguu. Wanaosema hivyo hawajawahi kuishi mlimani. Kwetu watu hawakimbii, wanapanda. Unapanda na kuni, unapanda na ndoo, polepole, ukisalimia kila unayepishana naye, na ukifika juu unakaa. Kitu pekee kilichonikimbiza utotoni ni mvua. Mama alikuwa akianika maharage kwenye turubai mbele ya nyumba, nasi tuko shambani chini kidogo. Mvua ya msitu wa Shengena haipigi hodi. Mama akiona wingu anaita jina moja tu, langu, ingawa nina kaka watatu wenye miguu mirefu. Niliyaokoa maharage mengi sana, na sijawahi kukimbia hatua moja zaidi ya pale turubai lilipokuwa.

Nilipomaliza kidato cha nne, kocha mmoja aliyesikia habari zangu za mashindano ya shule aliniita mjini kwenye majaribio ya kambi ya vijana. Atakayechaguliwa angepata kitanda, chakula, viatu na nafasi ya kuendelea na masomo. Atakayeachwa angerudi kwao. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni wa mita mia mbili.

"Hapa tunachukua mbio ndefu tu," akasema. "Na hata tungechukua fupi, wewe si wa fupi. Nimeangalia fomu yako, nimeona unakotoka."

Alikuwa ameangalia fomu. Miguu hakuiangalia. Lakini nilikuwa mgeni, na huko nyumbani baba alikuwa ameshasimama kanisani siku ya Sabato, mbele ya watu wote, akaomba niombewe kwa sababu binti yake anakwenda kukimbia kilomita tano, kama ilivyoandikwa kwenye mwaliko. Basi nikanyamaza, jambo ambalo kwa Mpare si dogo. Watani zetu husema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Nami siku hizo nilikuwa na kesi kubwa kuliko kuku, nikakaa kimya wiki nzima. Kila asubuhi tulizunguka uwanja mpaka nikaanza kuzijua nyufa za ukuta, ufa mmoja mmoja. Nilikuwa namaliza wa nne, au wa tano. Roho ilikuwa inachoka kabla ya miguu.

Siku ya kuchagua tukapangwa kwa mita elfu tano. Mbio hizo ni mizunguko kumi na miwili na nusu, na kwa sababu ya hiyo nusu, hazianzii kwenye mstari wa kumalizia. Zinaanzia upande wa pili wa uwanja. Nilikuwa nimeshasimama pale, nimeinama, ndipo nikaliona jambo ambalo wiki nzima lilikuwa mbele ya macho yangu. Kutoka pale nilipo mpaka kwenye meza ya waamuzi ni nusu mzunguko. Ni mita mia mbili kamili. Na mezani pale alikaa kocha msaidizi na saa yake, kazi yake ni kusoma muda kwa sauti kila tunapopita.

Naapa sikupanga. Lakini mlio uliposikika, niliondoka kama mtu aliyeona wingu.

Nyuma yangu nilisikia wasichana wakicheka, maana hakuna anayeanza mita elfu tano namna ile. Kwenye kona sikuwasikia tena. Nilipita mezani kifua mbele, msaidizi akasoma, "Ishirini na tano!" kisha akaitazama saa yake kama imeharibika. Nikapunguza mwendo, nikatoka nje ya njia, nikashika kiuno.

Kocha alikuja mbio. "Umeumia?"

"Hapana, mwalimu. Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Mita mia mbili."

"Zimebaki elfu nne na mia nane!"

"Hizo si zangu."

Akaniambia nikafunge begi. Nilitembea kuelekea bwenini kichwa juu, najiona mkubwa kuliko uwanja wenyewe, mpaka nilipofika kitandani na kuanza kukunja nguo. Hapo nikalia. Nilimfikiria baba, amesimama kanisani na koti lake, na wale waliosema amina. Sikujuta kutoka kwenye mbio zile, na hata leo sijuti, lakini niliona aibu kwa ajili yake.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuwa wa ngapi?"

Nikamweleza yote. Akasema, "Shukia Same. Usipande huku. Nisubiri kwa mama yako mdogo."

Mama mdogo alikuwa akikaa Same mjini, na aliponiona tu alisema kitanda kipo, ninaweza kubaki kwake nifanye mazoezi huku kwenye tambarare. Alijua, nami nilijua, kwamba Chome huwezi kupata mita mia mbili zilizonyooka hata ukizitafuta kwa tochi. Lakini neno lilikuwa la baba. Akisema turudi, tunarudi, na mbio zangu zinaishia kwenye maharage.

Alifika kesho yake na lile koti la Sabato, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Alikula makande, akanawa mikono, ndipo akaanza.

"Nikawaambie nini watu? Kwamba ulikimbia ukachoka?"

"Sikuchoka, baba."

"Hiyo mia mbili ni umbali gani?"

Nikamwambia ni kama kutoka kwetu mpaka shuleni kule chini.

"Hapo hata bibi yako anafika."

"Anafika lini?" nikamuuliza. Mama mdogo alikohoa akaingia jikoni. Baba akachukua kofia yake. "Haya. Twende nikaone."

Tukaenda kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji, ambao ng'ombe wanautumia kuliko ndege. Nilianza kuhesabu hatua, akanisimamisha. Hakuziamini hatua zangu. Akazihesabu mwenyewe, ndefu ndefu, kwa hiyo nina hakika ule umbali ulizidi. Mfugaji mmoja wa Kimasai alikuwa anataka kuvusha ng'ombe wake, baba akamwomba asubiri kidogo.

"Nisubiri nini, mzee?"

"Binti yangu anakimbia."

Yule mfugaji akaangalia huku na huku, akaona msichana mmoja peku na tambarare tupu, akaegemea fimbo yake. Baba akasimama mwisho kule, akainua kofia. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo kwenye uwanja wowote, hapa nchini wala nje. Kofia ikashuka, nikakimbia. Vumbi, upepo, miguu, na baba anakuwa mkubwa haraka, haraka zaidi, mpaka nikampita na kushindwa kusimama.

Nilipogeuka, alikuwa bado anatazama kule nilikoanzia. Kofia ilikuwa chini. Mfugaji alikuwa amesimama wima, ng'ombe wake wawili wameshaingia njiani naye hana habari.

"Imeisha?" baba akauliza.

"Imeisha, baba."

Akajifuta macho kwa mkono wa lile koti, akaokota kofia, akaanza kutembea kurudi kule nilikotoka.

"Rudia," akasema bila kugeuka. "Mara hii nasimama katikati, nione vizuri."