Koti langu na binti wa mwaka wa pili

Leo koti langu limefanya kazi yangu.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi, chuo kimoja hapa Njombe. Asubuhi nimeliacha kitini ofisini ili watu wadhani nipo, nikateremka Makambako kwenye usaili wa kazi nyingine.

(Kazi hii imenichosha, mnajua.)

Narudi jioni, binti wa mwaka wa pili amekaa analitazama.

"Shikamoo mwalimu. Nilikuja kusema naacha chuo."

"Marahaba. Haya, sema."

"Nimeshaliambia koti."

Nikacheka. "Likakujibu nini?"

"Halijajibu. Ila halikuangalia saa, mwalimu. Nitabaki."

Akaniaga.

Makambako wamepiga sasa hivi, kazi nimepata.

Na baridi hii, nimeshindwa kulivaa.

Jamani, nikihama nilichukue, au nimwachie?