Kidole Nyuma ya Ubao

Fundi wa redio wa mjini Suneka hupuliza kila kibao kidogo cha ubao wa tangazo kabla ya kukigusa, kama anayempozea mtoto uji. Kila kibao, cheusi mbele, cheupe nyuma, alikifungia mota yake ndogo, ili vikigeuka upande mweupe viungane kuandika herufi za KARIBU mlangoni pa duka la Jaya. Akiulizwa na Jaya kama ubao uko tayari, hujibu chini chini, "Bado kidogo, mama." Jana alisema kazi imekubali. Leo, mbele ya wateja, herufi zilitokea zote, ila U ikabaki na pengo. Kibao kimoja kiligoma. Akasimama ubavuni mwa ubao, akapitisha mkono nyuma, akakigeuza kwa kidole na kukishikilia. Watu wakapiga makofi.

"Fundi, hebu sogea, tuupige picha peke yake," Jaya akasema.

Fundi akazidi kukibana kibao kwa kidole. Akatabasamu, akiangalia sakafu, wala hakusogea.