Kioo cha Mercyline

Shivachi hakuwa msemaji, na tangu mkewe Mercyline azikwe kule Kakamega, hata yale maneno machache aliyokuwa nayo aliyafungia. Chumba chao cha jijini, mtaa wa Soweto West, kilibaki vilevile: nguo za marehemu kambani, kioo chake msumarini. Nasipwondi, dada ya marehemu, hakuchoka kumpigia simu.

"Shem, matanga yaliisha kitambo. Nguo za dada zigawanywe, ama unangoja nini?"

"Bado," Shivachi alijibu, akakata simu.

Kazi yake ilikuwa kutunza bustani ya hoteli moja upande wa Riruta. Humo waliishi korongo wawili wenye taji, waliokatwa manyoya ya bawa wasiruke mbali. Korongo akishapata mwenzake ndiye huyo mpaka kufa. Wengi wetu tungeaibika. Kila asubuhi wale wawili waliinamiana, wakarukaruka na kurusha majani hewani kando ya kidimbwi. Kisha mbwa wakaingia, wakamuua jike.

Dume akahamia kwenye mlango wa vioo wa hoteli. Alimwona korongo mle kiooni, akamchezea, akawa anamgonga kwa mdomo. Meneja, Mbuthia, akakunja uso.

"Shivachi, hii ndege ikivunja kioo, inatoka hapa. Sijali itaenda wapi."

Kesho yake Shivachi alikuja na kioo cha Mercyline ndani ya gunia, akakiegemeza uani kando ya kidimbwi. Ndege akakifuata, akainama, akacheza. Shivachi akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu mazishi.

Lakini ndege hakubanduka tena pale. Panzi walipita miguuni asiwaguse, na mahindi aliyomwagiwa yakachipuka. Kifua kikachongoka. Mvua inyeshe, jua liwake, yeye na kioo tu. Shivachi akachuchumaa akamtazama kwa muda mrefu. Aliijua hali ile. Alikuwa akiishi nayo chumbani kwake.

Akakiondoa kioo. Ndege akalia mchana kutwa, hata wapishi wakatoka jikoni kusikiliza. Jioni akashuka kidimbwini, taratibu, akadonoa chura.

Shivachi alipofika nyumbani hakuketi. Alisimama mbele ya zile nguo, akampigia Nasipwondi simu.

"Shem, kuja Jumamosi," alisema. "Na ubebe mifuko mikubwa."