Maji ya Papa

Kwetu Mbagala maji ya bomba huja mara mbili kwa wiki, tena yakijisikia, kwa hiyo hayamwagwi hovyo. Ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mchicha, ya kufulia tunapigia deki. Nayasema haya mapema ili nisionekane mjinga kuliko nilivyokuwa.

Mke wangu alikuwa ameroweka papa aliyetoka kwa mama yake Kigamboni, yule mkavu wa chumvi. Mimi ni mtu wa bara, papa nimemjulia ukubwani. Asubuhi nikakuta papa ameshatolewa, maji yake yamebaki kwenye sufuria yakinukia samaki. Nikayamimina yote kwenye ugali wa mbwa wetu. Alivyolamba bakuli nikajiona nimetenda wema. Kisha nikamfungia bandani, kama tufanyavyo kila kukicha ili mbwa wa ulinzi asizoee watu, nikaenda kazini. Kopo lake la maji sikulitazama.

Niliporudi saa tisa, bati la banda lilikuwa halishikiki kwa joto. Mbwa amelala ubavu, ametapika, na kopo ni kavu. Nilimwita, akapepesa jicho tu.

"Wezi wamempa sumu," nikamwambia mke wangu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Akampigia daktari wa mifugo wa Temeke, binti anayewachanja mbwa wa mtaa wetu, akaweka simu sauti ya nje.

"Shikamoo baba. Hebu vuta ngozi ya mabegani, halafu iachie."

Nikavuta. Ngozi ikabaki imesimama, ikarudi polepole mno.

"Fizi zake?"

"Kavu. Kidole kinanata."

"Macho?"

"Yamezama."

"Huyo kaishiwa maji vibaya. Leo kala nini?"

Mke wangu alikuwa amesimama karibu yangu. Ningesema, angenicheka mwaka mzima, na ukweni wangepata hadithi ya kunywea kahawa.

"Ugali tu," nikasema.

"Sawa. Kama mna zile pakti za chumvichumvi za watoto wanaoharisha, koroga moja, mpe kidogo kidogo huku mnamleta."

Mke wangu akakimbia ndani, akarudi na jagi. Akachana pakti, akamimina, akaanza kukoroga. Niliitazama ile chumvi ikizunguka kwenye maji. Sikuwa na elimu ya mbwa, lakini nilijua ninachokificha. Akachota kijiko cha kwanza, akainua mdomo wa mbwa.

"Usimpe," nikasema. "Nimemlisha maji ya papa."

Kijiko kikasimama hewani. "Yote?"

"Yote."

Simu ilikuwa bado hewani. Daktari akaongea haraka.

"Baba, hiyo mwaga. Mpe maji matupu, vijiko viwili vitatu, subiri, kisha tena. Hata akitaka kugida, usimruhusu. Mwili umejaa chumvi, maji mengi kwa mpigo yatamvimbisha ubongo. Mlete sasa hivi."

Tulimbeba kwenye bajaji, kichwa chake mapajani kwa mke wangu, amefunikwa kanga iliyolowa. Njia nzima mke wangu alimnywesha kwa kijiko bila kuniambia neno. Afadhali angenitukana.

Daktari akamtundikia dripu, akaipunguza mpaka matone yakawa yanahesabika. "Sasa tunasubiri akojoe," akasema. "Asipokojoa, figo zimegoma, na mie hapo sina ujanja."

Tulikaa sakafuni pembeni ya mkeka wake. Mara moja miguu ikamtetemeka yote, daktari akaja mbio, ikatulia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Si kwa yale maji, kwani kutojua si dhambi. Niliona aibu kwa sababu nilikuwa tayari mnyama afe ili mimi nisichekwe.

Jua lilikuwa linazama mbwa alipojinyoosha, akajaribu kuinuka, akashindwa. Mkojo ukamtoka palepale, mzito, mweusi kama chai ya rangi, ukatambaa sakafuni mpaka ukaingia kwenye kiatu changu. Sikuuondoa mguu. Nilikuwa nalia, na mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, akanishika bega.