Visu vya Abiria Kwenye Kopo la Mama Eliamini

Na bado Raymond anakomaa. Wiki ya tatu hii anamwambia mama wa watu kwamba kopo lake halijatimia, eti kwa sababu halina kile kisu chekundu cha kukunja, chenye mkasi na kifungulia soda. Kila mpenzi wa visu anacho, kuanzia Same mpaka Mwanga. Raymond anauza saa stendi, ana kisanduku cha kioo kimejaa visu, basi anajiona profesa.

"Shikamoo, Mama Eliamini. Leo nimekuja nacho. Nipe kile cha mpini wa pembe, chukua hiki kipya, tumalizane."

"Marahaba. Hiki alikisahau nani?"

"Hajakisahau mtu. Nimekinunua Arusha, dukani."

"Basi ni chako. Kaa nacho, mwanangu."

Dorkas, ndiye Mama Eliamini huyo, hajawahi kukusanya visu maisha yake. Visu ndivyo vilimfuata. Hilo ndilo halimwingii Raymond.

Miaka ile ya themanini mwanzoni sukari ilikuwa hadithi. Watu walikunywa chai kavu huku wanatafuna mua: funda la chai, pingili ya mua. Dorkas alishusha miwa kutoka shambani kwake Vudee, akauza stesheni ya Same treni ya abiria ikisimama, dirisha kwa dirisha. Kisu chake kilikuwa kimenolewa mpaka kimebaki kama sindano ya kushonea magunia, na siku moja kikakatika. Duka la ushirika halikuwa na kisu. Hata msumari halikuwa nao. Afanyeje? Akawa anauliza, "Baba, una kisu hapo? Nikumenyee."

Abiria anatoa chake mfukoni, anakipitisha dirishani. Dorkas anamenya, anakata pingili, anampa. Sasa treni nayo haina adabu. Inapiga honi, inaondoka. Abiria ana mua mdomoni, Dorkas ana kisu mkononi, anakimbia kando ya reli mpaka kanga inamfunguka, behewa zima linacheka.

"Acha, mama, utanipa nikirudi."

Akaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, kila kimoja na kitambaa chake. Hajui kuandika zaidi ya jina lake, kwa hiyo wenyewe aliwaweka kichwani. Wa mpini wa pembe ni manamba wa Kigoma, alikuwa amemaliza mkataba kwenye mkonge, anarudi kwao na kuku wawili kapuni. Wa shaba ni mwalimu aliyehamishiwa Korogwe, mkewe mjamzito, ndiye aliyetaka mua.

Msako wa walanguzi ulipoanza, nyumba zikipekuliwa kutafuta bidhaa zilizofichwa, kopo lilikuwa na visu saba. Jirani yake Sharifa akamwambia, "Tupa chooni, mwenzangu. Visu saba hivyo ni duka."

"Nikitupa, mwenyewe akija nimwambie nini?"

Akavifukia chini ya mafiga, akapika juu yake miezi miwili. Kosa. Cha plastiki kikayeyuka mpini, na mpaka leo anakionea aibu, ameshapanga na maneno ya kumwomba mwenyewe radhi. Tangu hapo hakuomba tena kisu cha mtu. Lakini kila siku ya treni alikwenda na kopo lake.

Mmoja alirudi, mwaka themanini na sita. Mzee wa Tabora alichungulia dirishani, akauliza kama vile alikiacha jana, "Kisu changu kipo?" Dorkas akafungua kitambaa. Mzee akakijaribu kwenye ukucha.

"Umekinoa."

"Kilikuwa butu, baba."

Basi. Treni ikaondoka. Dorkas alitembea wiki nzima kama kaolewa upya.

Siku hizi mambo ruksa. Sukari kila duka, visu vinamwagwa chini kwenye turubai, na treni ya abiria haiji tena. Kile chekundu ni kisu kizuri, tusidanganyane. Kama unakusanya visu, nunua, kitapendeza kwenye kisanduku. Kwa Dorkas hakina pa kukaa, kwa sababu hakuna mtu anayekidai.

Tatizo ni kwamba kichwa nacho kinachoka. Juzi alikuwa anamsimulia Sharifa, akampa mwalimu wa Korogwe wale kuku wawili. Sharifa akamkumbusha, "Kuku si wa yule wa Kigoma?" Dorkas akafunga kopo, akaingia ndani mchana kweupe. Akiwasahau wote, visu vitakuwa havina wenyewe, na Raymond atashinda bila hata kubadilishana.

Kwa hiyo wewe uliyepita Same kwa treni miaka ile, ukala mua dirishani ukaenda bila kisu chako, acha uvivu. Panda basi, shuka Same, ulizia Mama Eliamini wa miwa, nyuma ya stesheni. Kama msafiri alikuwa baba yako na ameshakufa, njoo wewe. Vimebaki sita. Njoo mwezi huu.